Naomba ushauri: midomo inachoka kabla onyesho halijaisha

Habari zenu wakuu, hasa mnaopiga ala za kupuliza. Napiga tarumbeta ya kwanza kwenye bendi ya sarakasi inayosafiri. Huku hakuna kupumua kati ya nyimbo: farasi akigoma au mruka kamba akichelewa, kiongozi anatoa ishara na tunahamia wimbo mwingine hapohapo, macho yakiwa uwanjani kuliko kwenye noti. Siku za maonyesho mawili, la pili likifika katikati midomo inakufa ganzi na sauti za juu hazitoki. Usiku huohuo hema linakunjwa, usingizi ni wa njiani.

Nimejaribu kubadilisha kipande cha kupulizia, nikaweka kipana. Sauti ilinenepa, lakini uchovu ukaja mapema zaidi. (Merle Evans, aliyeanza kuongoza bendi ya sarakasi ya Ringling huko Marekani mwaka 1919, alipiga koneti, ala ya jamii ya tarumbeta, kwa mkono mmoja na kuongoza kwa mwingine kwa miaka mingi. Midomo ya chuma ile!)

Naomba kujua: nimwombeje kiongozi tugawane sauti za juu na mpigaji wa pili bila kuonekana mvivu? Na siku ya safari ndefu, nipulize kidogo au nipumzishe midomo kabisa?