Naomba ushauri: Kinyakyusa kwenye kongamano la wanafunzi wa isimu

Habari zenu ndugu zangu. Nasoma isimu mwaka wa tatu, chuo kikuu hapa Dar, na naandaa ikisiri (muhtasari wa wasilisho) ya kongamano la wanafunzi. Mada yangu ni Kinyakyusa, lugha isiyo na toni (kupanda na kushuka kwa sauti kunakotofautisha maana) ilhali lugha nyingi za Kibantu zinayo. Nimerekodi wazee kule Rungwe, akiwemo bibi yangu. Msimamizi anataka nilinganishe na Kikinga, lugha jirani, ila kwa dakika 20 naona nitagusa juu juu tu. Nibaki na lugha moja?

Na mliowahi kuwasilisha, sauti za wazee mlizichezesha ukumbini? Waliridhia kurekodiwa kwa ajili ya utafiti. Je, niwaombe upya kabla ya kuwasikilizisha watu? Heshima yao naijali kuliko wasilisho lenyewe.