Programu ya terminali inafanya kazi vizuri ila watumiaji wanalalamika, nianzie wapi?

mpangafaili
Habari wakuu. Nina programu ya Python inayoendeshwa kwenye terminali, inaitwa `nakala`. Inapita kwenye folda, inatafuta mafaili yanayofanana kila baiti, na ukitaka inafuta yaliyozidi. Inapata majibu sahihi, lakini malalamiko ni matatu. Folda isipokuwepo inamwaga Traceback ndefu (orodha ya mistari ya msimbo iliyofikisha kwenye kosa). Wakipitisha matokeo kwenye `sort` au `wc -l` wanakuta asilimia za maendeleo zimechanganyika na majina ya mafaili. Na `nakala futa` wanaiogopa, maana ikishafuta imefuta. Natumia argparse, maktaba ya Python inayosoma amri na chaguo zake.

bomba_safi
Mkuu, anza na hilo la asilimia, kwa sababu linaharibu kazi za watu kimyakimya. Programu ya terminali ina wasomaji wawili: mtu aliye mbele ya skrini, na programu nyingine iliyo upande wa pili wa bomba (alama `|`). Majina ya mafaili ndiyo matokeo, yaende stdout, mkondo wa matokeo unaopita kwenye bomba. Maendeleo, maonyo na makosa yote yaende stderr, mkondo wa pili usiopita humo, kwa `print(ujumbe, file=sys.stderr)`. Hapo `nakala tafuta picha | wc -l` itahesabu majina peke yake, na mtu bado ataona maendeleo.

Usiishie hapo. Mstari unaojiandika upya kwa `\r` unafaa kwenye skrini tu. Stderr ikielekezwa kwenye faili utapata mstari mmoja mrefu usiosomeka. Kagua `sys.stderr.isatty()`, inayosema kama mkondo huo ni skrini, kabla ya kuuonyesha. Rangi nazo hivyohivyo, ila kila mkondo ukaguliwe kivyake: stdout inaweza kuwa bomba huku stderr bado ni skrini. Kigeu cha mazingira `NO_COLOR` kikiwa na thamani yoyote, zima rangi.

Halafu kumbuka kwamba jina la faili kwenye Linux linaweza kuwa na nafasi, hata alama ya mstari mpya. Ongeza chaguo la `-0` linalotenganisha majina kwa baiti ya sifuri, ili `nakala tafuta -0 picha | xargs -0 ls -l` isivuruge majina. Kwenye hali hiyo andika baiti zenyewe: `sys.stdout.buffer.write(os.fsencode(njia) + b"\0")`. Ukitumia `print`, jina lisilo UTF-8 halali litaiangusha programu kwa UnicodeEncodeError.

mstari80
Traceback ni ya mwandishi wa programu, mtumiaji haimsaidii kitu. Makosa unayoyatarajia (FileNotFoundError, NotADirectoryError, PermissionError) yakamate mahali pamoja, kisha toa mstari mmoja unaotaja programu, kitu chenyewe na sababu:

`nakala: siwezi kusoma folda 'pcha ': haipo`

Jina liwe ndani ya alama za nukuu. Tazama mfano huo: nafasi iliyojificha mwishoni isingeonekana bila nukuu, na mtu angehangaika bure. Kosa usilolitarajia liache litoe Traceback yake. `except Exception` inayomeza kila kitu itakunyima pa kuanzia siku ya hitilafu ya kweli. Na faili moja lisilosomeka katikati ya folda lisiue kazi nzima: onya, endelea, mwishoni toka na msimbo usio 0.

Misimbo ya kutoka: 0 ni mafanikio. argparse tayari inatoa 2 amri ikiandikwa vibaya, kwa hiyo kazi ikishindikana toa 1. Ctrl-C ni 130, yaani 128 kuongeza 2 ambayo ni namba ya SIGINT, ishara ya kukatiza programu. Usiige `grep` inayotoa 1 isipopata kitu. Kwake ni sawa, watu huiuliza swali ndani ya `if`. Lakini folda isiyo na nakala ni habari njema, na skripti yenye `set -e` (inayosimama amri ikishindwa) itakatika bila sababu.

Weka pia `allow_abbrev=False`. Kwa kawaida argparse inakubali chaguo lililofupishwa: ukiwa na chaguo kama `--tekeleza`, mtu akiandika `--tek` inalielewa. Siku ukiongeza chaguo jingine linaloanza na herufi hizo, skripti yake inavunjika. Iweke na kwenye kila `add_parser`, kwa sababu amri ndogo hazirithi mpangilio huo.

taratibu_na_rm
Hilo la kufuta ndilo zito kuliko yote. Ningefanya `nakala futa picha` ionyeshe tu kitakachofutwa na kipi kitabaki kwa kila kundi, kisha kufuta kwenyewe kudai `--tekeleza`. Kabla ya kufuta, uliza kwa hesabu kamili: “Mafaili 312 yatafutwa, MB 840. Niendelee? [n/H]”. Enter tupu iwe hapana. Stdin (mkondo wa kupokea majibu) isipokuwa terminali, usiulize kabisa, maana skripti itakwama ikisubiri jibu: kataa kwa ujumbe unaosema aongeze `--bila-kuuliza`.

Kati ya kukagua na kufuta faili linaweza kuwa limebadilika, kwa hiyo linganisha tena ukubwa na `st_mtime_ns` (muda lilipobadilishwa mwisho) kabla ya kila `os.unlink`. Na mafaili mawili yenye `st_dev` na `st_ino` zilezile (namba ya diski na namba ya faili humo) ni faili moja lenye majina mawili. Kufuta jina moja hakuongezi nafasi kwenye diski, hivyo yasiingie kwenye hizo MB.

mpangafaili
Asanteni sana wakuu. Maendeleo nimeyahamishia stderr na `wc -l` sasa inahesabu sawasawa. Ila `nakala tafuta picha | head -5` inatoa mistari mitano halafu BrokenPipeError.

bomba_safi
`head` ikipata mistari yake inafunga bomba, na Python, tofauti na programu nyingi za C, haifi kwa SIGPIPE (ishara ya bomba lililofungwa) bali inarusha kosa. Mwisho wa kazi yako, ndani ya `try`, ita `sys.stdout.flush()`, kisha:

```
except BrokenPipeError:
    tupu = os.open(os.devnull, os.O_WRONLY)
    os.dup2(tupu, sys.stdout.fileno())
    sys.exit(1)
```

Usiruke `dup2`, inayoelekeza stdout kwenye `os.devnull`, mahali panapotupa kila kinachoandikwa. Bila hiyo Python itajaribu kumwaga mabaki ya stdout wakati wa kufunga, na lalamiko litarudi kwenye skrini hata kama umelikamata.