Mimba ya wiki 22: mazoezi yapi afanye, yapi aache?

BabaMtarajiwa
Habari zenu wakuu. Mke wangu ana mimba ya kwanza, wiki 22. Kliniki presha iko sawa, damu 11.4, hajaona matone yoyote. Hakuwa na mazoea ya mazoezi na kazini anashinda amekaa. Sasa anataka kuanza, ila shangazi yake anasema atamtikisa mtoto mimba itoke. Aanzeje? Tupo Dar, na joto hili mnalijua.

Mkunga_Pwani
Hongereni. Shangazi anamtakia mema, lakini mimba isiyo na tatizo haitoki kwa kutembea. Mtoto anaelea kwenye maji ya uzazi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki. Kwa asiyezoea, dakika 10 kwa siku zinatosha kuanzia, aongeze 5 kila wiki mpaka afike 30. Mwendo uwe wa kuweza kuongea sentensi nzima lakini si kuimba. Akikatika pumzi katikati ya maneno, apunguze.

Atoke saa 12 asubuhi au jua likipoa jioni, abebe maji, na asiende na njaa.

Kabla ya yote aulize kliniki kondo la nyuma limekaa wapi. Likiwa limeziba njia, au shingo ya kizazi imeshonwa, presha imepanda, au damu imepungua sana, asianze mpaka daktari aseme.

Fizio_Nyonga
Naongezea ya nyumbani. Akae kwenye kiti na kusimama bila kujishika, mara 10. Kisha asukume ukuta mara 10, miguu imepanuka kiasi. Mazoezi ya kulala chali aache kabisa: kuanzia wiki hizi mfuko wa uzazi unabana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, mama anapata kizunguzungu na damu ya kwenda kwa mtoto inapungua. Kuruka kamba na kugeuka ghafla pia aache, maana viungo vimelegea na tumbo linamvuta mbele.

La muhimu ambalo wengi hulisahau ni misuli ya chini ya nyonga. Akaze kama anayezuia mkojo na hewa kwa pamoja, ahesabu 5, aachie kabisa kwa hesabu 5. Mara 10, asubuhi, mchana na usiku. Asibane pumzi wala makalio, na asifanye akiwa anakojoa, kibofu kitabaki na mkojo.

BabaMtarajiwa
Asanteni sana. Na ndoo ya maji ya lita 20?

Mkunga_Pwani
Hiyo ni kilo 20, beba wewe mkuu. Yeye abebe dumu la lita 5 kila mkono, akiinama kwa magoti.

Akiona damu, maji yakivuja, tumbo likikaza na kuuma kwa kurudiarudia, kichwa kikiuma sana, kifua kikibana, au mguu mmoja ukivimba na kuuma nyuma ya goti kushuka chini, aache palepale mwende hospitali. Msisubiri tarehe ya kliniki.