Dakika tano kwenye mkutano wa mtaa: nawashawishije watu wachangie mtaro?

Mkazi wa Manzese
Wakuu, habari za leo. Jumamosi kuna mkutano wa mtaa, mwenyekiti amenipa dakika tano nieleze kwa nini kila kaya ichangie kuzibua na kujengea mtaro kabla ya masika. Kaya ni 120, makadirio ya fundi ni shilingi 2,400,000. Namba ninazo, ila pa kuanzia sipajui. Wazoefu wa midahalo, msaada tafadhali.

Jabali la Hoja
Mkuu, usianze na namba. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alitaja njia tatu za kumshawishi msikilizaji: imani yake kwa msemaji, hisia zake, na mantiki ya hoja yenyewe. Kwenye michango ya mtaa hiyo ya kwanza ndiyo inayobeba nyingine, kwa sababu kila aliyekaa pale anajiuliza, "hela zitaliwa?" Mjibu ndani ya dakika ya kwanza, kabla hajauliza: nani mweka hazina, nani wawili watakaotia saini pesa zikitoka, na kwamba stakabadhi zitabandikwa ofisi ya serikali ya mtaa. Hofu hiyo ikibaki, hesabu zako hazitasikika.

Dakika tano ukisema taratibu ni kama maneno 500. Hoja mbili zinatosha. Ukileta saba, mpinzani ataivunja iliyo dhaifu na watu wataona amezivunja zote.

Bibie wa Sinza
Kwenye namba: 2,400,000 kwa kaya 120 ni 20,000 kila kaya, yaani 5,000 kwa mwezi kuanzia Novemba hadi Februari. Taja jumla kwanza, ndipo uigawe. Ukitaja 5,000 peke yake, mtu akipiga hesabu mwenyewe ataona ulikuwa unamficha.

Halafu sema kitakachopotea. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyomfurahisha. "Mtaa utapendeza" haimsogezi mtu. "Godoro moja likilowa, umepoteza zaidi ya 20,000" inamgusa. Ila usizidishe vitisho. Mtu akitishwa bila kuonyeshwa la kufanya, huamua kutolifikiria kabisa.

Mkazi wa Manzese
Asanteni sana. Kuna mzee lazima atasema wapangaji wasichangie, alipe mwenye nyumba. Nimjibuje? Na methali niweke?

Jabali la Hoja
Irudie hoja yake kwa maneno ambayo mwenyewe atayakubali: "Mzee wangu anasema nyumba ikipanda thamani, faida ni ya mwenye nyumba. Ni kweli." Tulia kidogo. Kisha: "Lakini maji yakiingia ndani, vyombo vinavyolowa ni vya mpangaji." Ukishakubali lililo kweli, mnabaki kubishania kipande kidogo tu. Usithubutu kusema "mzee hapendi maendeleo." Hakusema hivyo, na waliomsikia watahamia upande wake. Uwe pia na pendekezo mkononi, mfano mpangaji atoe, kisha nusu ikatwe kwenye kodi.

Methali weka moja, baada ya ushahidi, si badala yake. Sema "usipoziba ufa", waache wamalizie wenyewe.

Bibie wa Sinza
Na daftari la kujiandikisha lipite watu wakiwa bado wamekaa, likianzia kwa waliokwisha kubali. Ukurasa mtupu kila mtu huogopa kuwa wa kwanza.