Land Rover 109 ya marehemu baba inavuma na kuvujisha oili ya gia, fundi anataka kushusha giaboksi. Naomba ushauri

Kijana wa Machame

Wakuu, salaam. Mimi nipo Moshi, gari liko Machame kwa mama. Ni Land Rover Series III, 109, ya mwaka 1978, injini ya petroli ya 2.25. Baba aliinunua kwa fedha za kahawa na akabebea magunia mpaka alipofariki mwaka juzi. Ndugu tumekubaliana haiuzwi, nami ndiye niliyekabidhiwa kuitunza.

Kwanza kelele. Nikifika kilomita 50 kwa saa unaanza mvumo chini ya viti vya mbele, na kwenye 65 sakafu inatetemeka mpaka nyayo zinawasha. Nikiondoa mguu kwenye mafuta mvumo unabadilika ila hauishi. Nikiondoka au nikirudi nyuma inagonga mara moja, "tok!"

Pili oili. Nikiegesha jioni, asubuhi nakuta dimbwi la ukubwa wa sahani, nyuma ya giaboksi. Hendibreki nayo haishiki kabisa. Kwetu ni mteremko, kwa hiyo naweka jiwe kila siku.

Nimempelekea fundi mmoja hapa mjini. Aliinama chini dakika mbili, akasema giaboksi imekufa, ishushwe, na kwa kuwa spea zake ni za kutafuta, afadhali nifunge injini na giaboksi ya Toyota. Ufundi peke yake laki nane. Roho inaniuma, nataka ibaki kama mzee alivyoiacha. Ni kweli imekufa?

Spana 19

Pole sana kwa kuondokewa na mzee. Mimi ni fundi, niko Arusha, Unga Limited, na Series nimezishika miaka mingi. Usishushe chochote kwanza. Kelele ya gari inasikilizwa barabarani, huwezi kuijua kwa kuinama.

Fanya hivi. Endesha 50, pale mvumo unapoanza, ukiwa gia ya tatu, halafu 50 hiyohiyo ukiwa gia ya nne. Kwenye giaboksi hiyo gia ya nne inapitisha nguvu moja kwa moja, shafti ya chini inazunguka tu bila mzigo. Mvumo ukipungua sana kwenye nne, tuzishuku beringi za shafti ya chini. Ukibaki vilevile, giaboksi haina hatia, tatizo liko transfa (boksi la nyuma ya giaboksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) au nyuma yake. Baadaye simama, weka nyutro, injini ikiunguruma kanyaga klachi taratibu. Sauti ikikatika ulipokanyaga, hapo tena tutaitazama beringi ya shafti inayoingia kwenye giaboksi. Leta majibu.

Bibi wa Tengeru

Mwanangu, hiyo hendibreki ndiyo inayokuambia oili inatoka wapi. Kwenye Series hendibreki haiko kwenye magurudumu, ni dramu moja nyuma ya transfa, pale propela ya nyuma, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, inapofungwa. Sili ya hapo, yaani kizuizi cha oili, ikichoka, oili inaingia moja kwa moja kwenye dramu na viatu vya breki vinalowa. Tulikuwa nayo shambani, tukakaza na kukaza hendibreki mwaka mzima bila kujua tunakaza breki iliyooga oili. Na jiwe lako liwe kubwa, weka magurudumu mawili. Gari kama hilo lilimteremkia kijana wetu, tunashukuru aliruka.

Dereva wa Njia Panda

Mimi nitasema tofauti. Fundi wako hajakosea sana. Yangu nilifunga mashine ya Toyota, napakia ndizi kutoka Mwika kila wiki, spea nanunua duka lolote. Kama gari linakulisha, fikiria hilo.

Kijana wa Machame

Shikamoo Bibi. Ahsanteni wote. Mkuu wa Njia Panda nimekuelewa, ila hili halinilishi, ni la kumbukumbu na kazi ndogo za nyumbani.

Nimejaribu leo kati ya Kwa Sadala na Boma Ng'ombe. Gia ya tatu na ya nne mvumo ni uleule, klachi haibadilishi kitu. Nimekumbuka pia kwamba mwaka jana nilibadilisha jointi za propela ya nyuma kwa fundi wa barabarani. Nikiwaza vizuri, mtetemo ulianza baada ya hapo. Inawezekana zinahusiana?

Spana 19

Sana! Ingia chini utazame propela hiyo. Ina sehemu mbili zinazotelezeana kwenye meno. Masikio yanayoshika jointi ya mbele na yale ya nyuma kwenye shafti hiyo lazima yalale usawa mmoja. Jointi ikiwa kwenye pembe haizungushi sawasawa, katika kila mzunguko inaharakisha na kuchelewa mara mbili. Ya pili ndiyo inayofuta kosa la ya kwanza, na hufanya hivyo masikio yakilingana tu. Fundi akiichomoa na kuirudisha ikiwa imeruka meno, makosa yanajumlishana, gari linatetemeka, na beringi na sili ya transfa zinapigwa kila kilomita unayokwenda. Ndiyo maana nadhani kelele yako na dimbwi lako ni ugonjwa mmoja.

Kabla hujafungua piga alama ya rangi kwenye flenji, zile sahani za chuma propela inapofungiwa. Ukitaka uhakika, toa propela ya nyuma yote, ingiza gia ya magurudumu yote kwa kubonyeza kile kirungu cha njano, uende polepole ukivutwa na magurudumu ya mbele. Mtetemo ukipotea umempata mwizi. LAKINI propela ikiwa nje, hendibreki haishiki tena magurudumu ya nyuma. Weka vigingi kabla ya kulala chini ya gari.

Kwa oili: osha chini yote kwa mafuta ya taa, kausha, paka unga wa chaki, tembea kilomita kumi. Chaki itakuonyesha mchirizi unapoanzia. Ukibadilisha sili pitisha ukucha kwenye flenji. Ukihisi mfereji, sili mpya itavuja ndani ya mwezi, maana mdomo wake unakaa palepale palipolika. Flenji mpya, au bomba jembamba la chuma livalishwe juu yake. Watu wengi wanaruka hapo halafu wanasema sili za siku hizi ni mbovu. Oili ni EP90, transfa inachukua kama lita mbili na nusu.

Kijana wa Machame

Wiki mbili zimepita, naleta majibu. Masikio yalikuwa yamepishana! Niliona kwa macho hata kabla ya kufungua. Jointi ya mbele nayo ilikuwa kavu, haijawahi kuona grisi, ina plei (imelegea, inacheza), ndiyo iliyokuwa ikigonga. Nimefunga mpya, nimelinganisha, na kwenye 65 sakafu imetulia. Mama alikaa mbele, akasema "sasa ndiyo gari la baba yenu." Nililia kidogo.

Chaki ilionyesha sili ya nyuma kama Bibi alivyosema. Flenji ilikuwa na mfereji wa kuingia ukucha, nimevalishiwa bomba Arusha. Transfa ilibakiwa na chini ya lita moja. Viatu vya hendibreki nilivifua na petroli havikushika, nimeweka vipya. Sasa linasimama mteremkoni bila jiwe, ingawa jiwe bado naliweka.

Limebaki moja. Kuna tone kwenye kitundu kilicho chini ya nyumba ya klachi. Nizibe?

Spana 19

Usizibe. Kitundu hicho huzibwa ukivuka maji tu, siku nyingine kinatakiwa kuwa wazi ili oili isifike kwenye klachi. Chukua tone kwenye kidole unuse. Harufu kali ya kiberiti ni oili ya gia, sili ya mbele ya giaboksi. Nyeusi, nyepesi, isiyo na harufu hiyo ni ya injini, sili ya nyuma ya kranki, shafti kuu ya injini.

Kijana wa Machame

Nyeusi, haina kiberiti. Matone mawili kwa usiku.

Spana 19

Basi iache mpaka siku utakayofungua klachi, uimalize hapohapo. Kwa sasa chomoa kijiti cha oili kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani, na weka grisi kwenye propela kila mwezi.