Maumivu ya kano ya kisigino kwa mwanatriathloni: nipumzike kabisa au niendelee?

Swali (Mombasa)

Ndugu zangu, ninajiandaa kwa triathloni ya masafa ya Olimpiki, yaani kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40 na kukimbia kilomita 10. Tangu nilipoongeza mbio za ufukweni, kano ya kisigino changu cha kushoto inauma. Nikishuka kitandani asubuhi, hatua za mwanzo ni ngumu, kisha mguu hulegea. Nikianza kukimbia maumivu hupungua, lakini jioni hurudi. Niliyemwendea kwa ushauri alinitaka nipumzike kabisa. Nilipumzika, maumivu yakaisha, nami nilipoanza tena kukimbia yakarudi vilevile. Je, kupumzika ndiyo tiba yenyewe? Na kuogelea na baiskeli vinaichelewesha kano kupona?

Jibu (mtaalamu wa fiziotherapia, Dar es Salaam)

Pole sana, ndugu yangu. Ugumu wa asubuhi unaolegea kwa kutembea ni dalili ya kawaida ya kano iliyobebeshwa mzigo kuliko ilivyozoea. Kupumzika hutuliza maumivu, lakini hakuipi kano nguvu, na wakati huohuo misuli ya shavu la mguu hudhoofika, kwa hiyo siku unayorudi kwenye mbio unarudi na mguu dhaifu kuliko ule uliouacha. Kinachoiponya kano ni mzigo uliopimwa.

Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake nchini Sweden walichapisha matokeo ya wanamichezo 15 wa kujifurahisha waliokuwa na tatizo hili kwa muda mrefu, ambao wote walirudi kukimbia kama zamani baada ya wiki 12 za zoezi moja. Unasimama kwa vidole ukingoni mwa ngazi, unakishusha polepole kisigino cha mguu unaouma hadi chini ya usawa wa ngazi, kisha unajiinua kwa mguu usiouma. Fanya seti tatu za mara 15 goti likiwa limenyooka, na seti tatu nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni. Goti lililokunjwa huufikia msuli wa ndani wa shavu, ambao mkimbiaji huutegemea sana na ambao wengi huusahau. Likizoeleka, beba mkoba wenye uzito. Ikiwa maumivu yako pale kano inaposhikana na mfupa, usishuke chini ya usawa. Fanya zoezi sakafuni, kwa sababu kule chini kano hubanwa dhidi ya mfupa.

Kuhusu kukimbia, utafiti wa Karin Silbernagel na wenzake wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba walioendelea kukimbia kwa kupima maumivu hawakupona vibaya kuliko waliosimama kwa wiki sita. Kipimo ni hiki: katika ngazi ya 0 hadi 10 maumivu yasizidi 5, yawe yametulia kufikia asubuhi inayofuata, na yasiongezeke wiki hadi wiki. Asubuhi ndiyo hakimu, kwa kuwa wakati wa mbio mwili ukishapata joto huficha mengi.

Kabla hujaanza, naomba unieleze mambo mawili: maumivu yako wapi hasa, na je, hivi karibuni umetumia antibayotiki yoyote?

Jibu (kocha, Zanzibar)

Naunga mkono, nami naongeza ya upande wa mazoezi. Ufukwe ndio ninaoushuku kwanza. Kwenye mchanga laini kisigino huzama chini kuliko vidole na kano huvutwa kila hatua. Maji yakipwa, mchanga mgumu ulioachwa huwa umeinama kuelekea baharini, na miguu miwili haibebi sawa. Kimbia barabarani, mahali pasipo na mlima, ukiwa na viatu.

Baiskeli haina budi kuangaliwa. Kiti kikiwa juu mno utakanyaga kwa ncha za vidole, na shavu la mguu litafanya kazi isiyo yake. Kipande cha chini ya kiatu kinachonasa kwenye pedali kikiwa mbele mno, kirudishe nyuma kidogo. Kuogelea baharini hakuna ubaya. Katika bwawa, punguza kujisukuma ukutani kwa nguvu. La kuacha kwanza ni kukimbia mara tu baada ya kushuka kwenye baiskeli, kwani hapo shavu limekwisha kuchoka na kano hubaki peke yake. Pumzi yako itatunzwa na baiskeli na maji. Huna haja ya kuitafuta kwa mbio.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Maumivu yako kama vidole vitatu juu ya mfupa wa kisigino. Na ndiyo, wiki chache kabla ya haya nilitibiwa homa ya matumbo kwa siprofloksasini, ambayo wengi huiita sipro.

Jibu (mtaalamu wa fiziotherapia)

Hapo ushauri wangu unabadilika, nami nakuomba uuchukue kwa uzito. Siprofloksasini ni antibayotiki ya kundi la fluorokwinoloni, na dawa za kundi hilo zinaweza kudhoofisha kano, hasa hii ya kisigino, na hatari inaweza kubaki hata miezi kadhaa baada ya kumaliza dozi. Ndiyo sababu tangu mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani imetaka zibebe onyo kali. Hatari ni kubwa zaidi kwa wenye zaidi ya miaka 60 na kwa wanaotumia steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe. Kwa hiyo usianze ngazi wala mkoba wenye uzito, acha mbio kwa sasa, mwone daktari wiki hii na umtajie dawa hiyo kwa jina, maana huenda asikuulize. Akipendekeza sindano ya steroidi kwenye kano, mwulize kuhusu hatari ya kukatika.

Baiskeli nyepesi na kuogelea unaweza kuendelea navyo ikiwa kano haikulalamikii asubuhi inayofuata. Daktari akisharidhika, anza kujiinua sakafuni kwa miguu yote miwili pamoja, polepole, na uhamie mguu mmoja pale tu hilo litakapokuwa rahisi. Ukisikia mlio wa ghafla nyuma ya mguu, au ukashindwa kusimama kwa vidole vya mguu huo, nenda hospitali siku hiyohiyo.