Naomba ushauri: jarida la sheria linalohaririwa na wanafunzi, Arusha

Wakuu, habari za kazi. Kuna wanafunzi wa sheria hapa Arusha wanataka kuanzisha jarida lao, toleo moja kwa mwaka, makala tano au sita. Mfano wanaoutazama ni Harvard Law Review ya Marekani, iliyoanza 1887 na bado iko mikononi mwa wanafunzi.

Kukagua tanbihi hakunitishi. Wahariri wawili kwa kila makala: mmoja anafungua hukumu TanzLII (tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania) na kulinganisha namba ya hukumu (TZCA ni Mahakama ya Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu), wa pili anasoma aya yenyewe kuona kama inasema kweli anachodai mwandishi. Pia waangalie kama hukumu imetenguliwa na mahakama ya juu. Hapo ndipo wengi huteleza.

Kinachonisumbua ni uchaguzi wa makala. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu atapimaje hoja mpya kuhusu mamlaka ya Mahakama ya Afrika Mashariki? Ataishia kuchagua jina kubwa. Napendelea wanafunzi wachuje, kisha msomi mmoja wa nje asome bila kuona jina la mwandishi. Lakini wasomaji hao hawalipwi, na wanachelewa mno.

Je, muda gani wa kumpa msomaji ni wa haki, wiki nne au nane? Mwandishi aruhusiwe kupeleka makala majarida kadhaa kwa mpigo, kama Marekani? Na wahariri wakihitimu, makala zilizo nusu njia anabaki nazo nani?